Sahani za Kapiteni

Pete ya kwanza niliitoa tanuruni saa tisa alasiri. Ilikuwa ya bluu.

Lazima nieleze. Mtu anayechoma vyombo vya kung'aa haoni kitu ndani ya tanuru. Akichungulia anaona wekundu tu, na macho yanamwuma. Kwa hiyo tunafinyanga pete ndogo za udongo, tunazichovya katika rangi ile ile ya vyombo, kisha tunazisimamisha nyuma ya tundu la mlango. Moto ukiwa mkali vya kutosha, unaingiza chuma chembamba na kunasa moja. Inatoka nyekundu kama kaa. Ikipoa, unaitazama. Ikiwa bado kavu kama chaki, ongeza kuni. Ikiwa inateleza kama kioo, vyombo vimeiva. Ziba matundu yote, nenda ukaoge.

Ile pete ilikuwa inateleza vizuri. Ubaya wake ulikuwa rangi. Mimi nilikuwa nimechanganya rangi ya kahawa, ile ninayoichanganya kwa miaka kumi na miwili sasa, na ndani ya tanuru zilikuwa sahani sitini za rangi hiyo, za kapiteni wa kambi ya jeshi, za karamu yake ya Jumamosi. Nikaitazama pete juu ya tofali. Wekundu ukaondoka, ikawa nyeusi, halafu ikafunguka bluu, bluu nzito ya wino. Hakuna jani wala udongo wa nchi hii unaotoa bluu ile. Kuna kitu kimoja tu.

Nikakaa chini. 

Mimi niliacha shule darasa la tatu, baba alipofia mgodini. Lakini kazi hii nilifundishwa na mzungu wa misheni, mtu tuliyemwita Frère tu, yaani bruda, aliyekuwa na karakana ya udongo hapa mtaani kwetu Manika. Vita ya mwaka 1978 ilipokwisha alipanda ndege, hakurudi, akaniachia gurudumu na matanuru mawili, kubwa na dogo. Yeye ndiye aliyeniambia habari ya bluu. Alisema zamani wafalme wa Uchina walinunua unga mweusi uliotoka mbali sana, kwa ngamia na kwa meli, kwa sababu unga huo unageuka bluu motoni na hauogopi moto wowote. Alisema pia kwamba wachimbaji wa Ulaya waliliogopa jiwe lake. Walipoliyeyusha, moshi wake uliwaua, wakadhani kuna shetani wa mgodini anawachezea, na jiwe wakalipa jina la shetani huyo.

"Na jina hilo, Badibanga," aliniambia akicheka, "ndilo linaloandikwa kila siku huku kwenu, juu ya mapipa."

Kobalti.

Mwaka ule, 1979, hakuna aliyelitaja jina hilo akicheka. Bei yake ilikuwa imepanda huko nje kama kichaa, na unga mweusi ulikuwa unatoka viwandani ndani ya soksi, ndani ya mikate, ndani ya nepi za watoto. Askari walisimamisha watu barabarani na kuwatazama chini ya kucha. Mwezi wa tatu walimchukua Tshibangu, jirani yetu wa nyumba ya nne, kwa kopo moja la maziwa lililojaa unga. Walimpakia katika jeep mchana, sisi sote tukitazama. Alikuwa amevaa kandambili, na moja ilimtoka mguuni ikabaki mlangoni. Mke wake, Tshibola, hakuiokota. Ilikaa pale wiki nyingi. Tshibangu hakurudi, wala hakuna aliyethubutu kuuliza yuko wapi.

Yeye kopo moja. Mimi nilikuwa na sahani sitini.

"Ngalula!" niliita.

Mke wangu akatoka na unga wa muhindi mikononi. Nikamwonyesha pete.

"Aa, iko muzuri," alisema. "Ulibadirisha rangi?"

"Sikubadirisha kitu. Ile unga ya mapile, nani alitia mu bidon?"

"Njo miye. Abibu alileta mufuko juzi, weye ulikuwa unapasua kuni. Mufuko ilikuwa inatoboka, inachafula nyumba yote, njo nikamwanga mu bidon yako. Nilikosa?"

Hakukosa. Ndivyo ilivyokuwa kila mara. Rangi yangu ya kahawa inatoka katika mapile, yaani betri za redio zilizokufa. Unayapasua, unatoa ule uchafu mweusi wa ndani, unausaga, unauosha, unautia katika maji ya kioo, yaani chupa zilizosagwa na majivu. Abibu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alikuwa na kamyo, lori la kwenda Dilolo na kurudi. Watu wake walitoka Kasongo zamani, wote wafanyabiashara na madereva. Huko mpakani aliniokotea mapile mabovu madukani, wakati mwingine akaniletea unga uliokwisha kusagwa, na mimi nilimfinyangia mke wake, Amisa, vyungu vya kupikia. Hatukuwa na shughuli nyingine.

Unga mweusi ni unga mweusi. Nilikuwa nimeuchota katika bidon, dumu langu la unga, kwa kijiko cha mbao, vijiko kumi kwa ndoo, kama kawaida. Mapile yanahitaji vijiko kumi. Kobalti, Frère aliniambia, inatosha ile inayokaa juu ya ukucha.

Abibu alikuja kabla jua halijashuka, ameshika kofia yake ya swala mkononi, anacheka kama siku zote.

"Hodi! Tata Badibanga, moto yote hii unapika nini? Ngombe muzima? Na hautuite?"

"Abibu, juzi ulileta nini kwangu?"

"Ah, ile mufuko. Njo nilikuja kutwala."

"Ulileta nini?"

Akaona pete juu ya tofali. Akaichukua, akaigeuza, bado ina joto, akaihamisha toka mkono hata mkono. Kicheko kikaondoka usoni mwake kidogo kidogo.

"Hii ni nini?"

"Ni mufuko yako."

"Yesu wenu!" alisema, yeye Mwislamu. "Ulipika? Nilimuambia mama achunge! Chunga, sikusema pika!"

"Kila mwezi unaniletea mapile! Ningejua namna gani?"

"Ku barrière ya baaskari banapekua kamyo mupaka mu matairi. Nikawaza, nani ataingiza mukono mu mufuko ya uchafu ya mutu wa vyungu? Siku mbili tu, tata. Siku mbili."

"Na haukuniambia."

"Kama ningekuambia ungekataa."

"Ningekataa!"

"Njo unaona," alisema, na akairudisha pete juu ya tofali, maana hata yeye alisikia neno lenyewe lilivyokuwa baya.

Akachukua bidon nzima, unga wake na uchafu wangu wa mapile vikiwa vimechanganyika. Alisema ataondoka alfajiri, kwa njia nyingine. Mlangoni aligeuka.

"Amisa anabakia na batoto. Tata, kama bakikuuliza..."

Hakumaliza. Na mimi sikumsaidia kumaliza.

Kuna kazi ambazo ukikosea unarudi nyuma. Fundi wa mbao anang'oa msumari, fundi wa nguo anafumua uzi. Moto haufumuliwi. Niliketi mbele ya tanuru nikijua kila sahani ndani yake inazidi kugeuka bluu, na kwamba nikifungua mlango wakati ule zitapasuka zote na kapiteni hatakuwa na sahani hata moja. Nikaziba matundu. Nikaenda kuoga kama desturi. Maji niliyamwaga mwilini bila kuyasikia.

Kesho yake, Ijumaa, nilifungua. Zilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Mama yangu alikuwa mfinyanzi huko Kasai, alijenga vyungu kwa mikono, bila gurudumu, na maisha yake yote hakuona rangi nyingine ila nyekundu ya udongo na nyeusi ya moshi. Mimi nimeona nyingi. Lakini sahani zile zilinitazama kama macho sitini. Mtu akiwa barabarani angeziona. Mtu wa kiwandani angejua.

Nikachukua nyundo. Katika kazi yetu chombo kibovu hakitupwi. Kinapondwa, kinasagwa, chenga zake zinatiwa katika udongo mpya ili usipasuke. Ningeweza kuzika sahani zote ndani ya vyungu vya mwaka mzima.

"Ukibunja," Ngalula alisema nyuma yangu, "kesho kapiteni atakulia juu ya nini? Mu mikono?"

"Afazali anifunge kwa uvivu."

"Kwa uvivu banafunga pia. Nani alikuambia kapiteni anajua rangi? Ule ni mutu ya bunduki."

Nilikuwa bado na nyundo mkononi jeep iliposimama. Hawakungoja Jumamosi. Kapiteni mwenyewe alishuka, mtu mfupi, msafi, mwenye sauti ya chini. Alitoka Équateur, jimbo la mbali kaskazini, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini.

"Citoyen Badibanga. Miye niliomba rangi ya kahawa."

"Ndiyo, kapiteni."

"Hii haiko kahawa."

"Hapana, kapiteni."

Akanyanyua sahani moja, akaipiga kwa ukucha. Ililia kama kengele. Akaigeuza juani. Mimi nilitazama mikono yake, sikuweza kutazama mahali pengine.

"Iko muzuri kupita kahawa," alisema. "Juu ya nini haukusema unajua rangi hii? Unaficha rangi?" Akacheka, na askari wawili wakacheka kwa sababu yeye alicheka. Wakazipakia zote katika majani makavu, wakaondoka.

Jumamosi tulisikia muziki wa karamu mpaka kwetu. Ngalula aliosha. Aliosha ndoo, chekecheo, meza, mawe ya kusagia, kijiko, gurudumu ambalo halikuwa na kosa lolote. Alisugua sakafu ya karakana kwa mchanga. Alikata kucha zangu, kisha zake. Mimi nilikaa na kusikiliza magari. Kila gari lililopita lilikuwa jeep mpaka lilipopita.

Jumapili hakuna aliyekuja.

Jumatatu, saa mbili asubuhi, kapiteni aliingia bila hodi. Chini ya kwapa alikuwa na kitu kilichofungwa kwa gazeti. Akakifungua juu ya meza yangu safi. Sahani moja, na ndani yake bado mafuta ya kuku.

"Ku fête yangu alikuwako muzungu," alisema. "Ingénieur Louis, mutu ya mashini ya kusafisha majiwe. Alikula, alikunywa, halafu akageuza sahani. Unajua alisema nini mbele ya bageni bangu? 'Kapiteni, unakula juu ya kobalti.' Batu bote bakacheka. Miye pia nikacheka." Akakaa juu ya kiti changu. "Sasa sicheki. Nani alikupa?"

Mlango ulikuwa wazi. Ng'ambo ya ukuta mfupi Amisa alikuwa akianika nguo, mtoto mdogo mgongoni. Askari mmoja alikuwa amesimama pale ukutani, anamtazama, si kwa ubaya, anamtazama tu kama mtu asiye na kazi. Jina lilikuwa mdomoni mwangu. Abibu yuko Dilolo, pengine amevuka. Nikisema Abibu, hawatafuata kamyo mpaka Angola. Watapanda ukuta ule mfupi.

Juu ya rafu, tangu enzi za Frère, kulikuwa na jiwe la malachite kubwa kama ngumi. Mawe hayo ya kijani wanawake wanayauza barabarani, yakiwa shanga na visahani vya majivu, hakuna sheria juu yake.

"Hakuna aliyenipa," nilisema. "Nilitumia ile jiwe."

Kapiteni akalitazama jiwe.

"Ile iko kijani."

"Udongo uko mweusi, kapiteni. Ukitoka motoni uko mwekundu. Moto unageuza kila kitu."

"Muzungu anasema kobalti."

"Muzungu anajua mashini. Mi najua moto."

Sijui niliutoa wapi ule mdomo. Kapiteni aligonga sahani kwa ukucha, ti, ti, ti.

"Bon," alisema. "Pika. Leo. Mbele yangu. Ikitoka bluu, Louis ni mulevi. Ikitoka kijani, tunapanda jeep, miye na weye, na utaniambia njiani."

Akaagiza Ngalula amletee chai.

Nilijua kitakachotoka. Malachite ni jiwe la shaba. Katika maji yangu ya kioo linatoa kijani cha jani la papai. Nimeshalichoma mara nyingi, halijawahi kunidanganya. Ilihitajika kobalti ya juu ya ukucha, na kucha zangu zilikuwa zimekatwa mpaka nyama. Nikaponda jiwe kwa nyundo, nikalisaga mbele yake. Nikasaga pole pole, nikitafuta kwa macho. Ndoo, safi. Chekecheo, safi. Meza ilinuka sabuni. Mwanamke yule alikuwa ameosha karakana kama anayeosha maiti.

Kitu kimoja sikukiona: mti wa kukorogea. Ulikuwa mti wa kawaida, mrefu kama mkono, na rangi ya sahani za kapiteni ingekuwa imekauka juu yake kwa unene kama gome. Kama haukuoshwa. Kama haukutiwa jikoni kuwashia moto.

Nikatia unga wa malachite katika maji ya kioo. Yakawa kijani hafifu kama maji ya bwawa.

"Ngalula," niliita. "Lete mti ya kukorogea."

"Gani?" alijibu kutoka jikoni.

Kapiteni aliacha kunywa.

"Ile ya siku zote."

 Nikasikia mfuniko wa chungu. Nikasikia kitu kikidondoka. Kisha akaja, hakunitazama, akanipa mti. Ulikuwa umelowa. Sikuweza kujua kama ameuosha wakati ule, au zamani, au amechovya tu. Ulikuwa wa kijivu, lakini mti wowote wa zamani ni wa kijivu. Nikautumbukiza na kukoroga. Nilikoroga muda mrefu kuliko mfinyanzi yeyote aliyewahi kukoroga, nikiusugua ukingoni mwa ndoo kama ninayepiga ugali.

"Unakoroga mingi," kapiteni alisema.

"Malachite iko muzito. Inakaa chini."

"Ah."

Maji hayakubadilika rangi, au yalibadilika kidogo tu. Kobalti haionekani mpaka ione moto. Nilichovya bakuli moja lililokwisha kupita moto wa kwanza, na pete tatu. Niliwasha tanuru dogo, lile la Frère la kujaribia, ambalo si kubwa kuliko pipa la mafuta lililokatwa nusu. Linapanda haraka. Muda wa saa nne, tano tu.

Saa hizo sitazisimulia zote. Kapiteni alivua kofia. Alisoma gazeti lililofunga sahani, pande zote mbili, kisha akaanza tena. Mara moja aliuliza kama nina watoto. Nikasema watatu, wako kwa dada yangu Likasi. Akasema, "Muzuri," na sikujua ni uzuri gani aliouona. Askari wa ukutani alimwomba Amisa maji, na Amisa akampa, na mtoto akaanza kulia, na nililisha moto kuni ndogo ndogo huku cheche zikinichoma nisisikie.

Saa saba nilitoa pete ya kwanza. Ilipoa. Ilikuwa ya kijivu, kavu kama chaki.

"Haina rangi," alisema kapiteni, akasimama.

"Bado. Haijayeyuka."

"Nangoja mara ngapi?"

"Ziko tatu."

Akabaki amesimama. Nikaongeza kuni, na nikatia na mafuta machafu ya gari, kidogo kidogo, mpaka mlango ukanguruma. Nilihesabu pumzi zangu kwa sababu hakukuwa na kingine cha kuhesabu. Pete ya pili ilikuja na nyuzi za kioo zikining'inia. Ilikuwa imeyeyuka. Niliiweka juu ya tofali na tukainama wote wawili, vichwa vyetu vikikaribia kugusana. Nilinusa sabuni yake.

Nyekundu. Nyekundu ya giza. Nyeusi.

Ikakaa nyeusi. Nikafikiri, sasa nimekwisha. Nikatazama viatu vyake, vimefungwa kamba vizuri. Nikatazama miguu yangu, nikakumbuka kandambili ya Tshibangu.

"Tiens," kapiteni alisema.

Ukingoni, pale ambapo rangi ni nyembamba, bluu ilikuwa imefunguka. Ikaingia katikati. Si ile nzito ya sahani zake. Hii ilikuwa na kijani chini yake kama maji ya shimo la mgodi, lakini mtu asiyejua kazi angesema bluu, na kapiteni akasema bluu. Aliichukua mapema, ikamchoma, akatukana kwa Lingala, akaicheka mikono yake mwenyewe.

"Louis ni mulevi!" aliwaambia askari. "Malachite! Anakula kuku wangu na anasema bongo, uwongo tu!" Akanipiga begani. "Citoyen, sahani mia tatu. Sikukuu ya mwezi wa kumi na moja, bakubwa banatoka Lubumbashi. Malachite nitakuletea mifuko, usinunue hata jiwe moja. Na Louis nitamukalisha hapa hapa, ku hii kiti, aone na macho yake."

Jeep ilipoondoka, niliketi pale pale kwenye majivu. Ngalula alikuja kukaa karibu yangu.

"Uliosha bitu yote," nilimwambia. "Ule mti haukuosha. Juu ya nini?"

"Niliuweka nyuma ya mufuko ya makala ya jiko. Sijue." Alifuta mikono kwenye kitenge, mikono ambayo haikuwa na kitu. "Niliona nyumba inakuwa safi sana. Mutu hana kosa, nyumba yake haiko safi vile. Nikaogopa, nikaacha kitu kimoja."

Mti ulikuwa umelala ndani ya ndoo. Niliunyanyua. Ulikuwa umesafika kabisa, mweupe kama mfupa. Kila kilichokuwa juu yake kilikuwa ndani ya bakuli moja na pete tatu.

Mifuko ya malachite ilifika Alhamisi, minane. Nilijaribu. Nilijaribu na majivu mengi, na chumvi, na soda ya kufulia. Ilitoka kijani. Ilitoka kijani cha papai, kijani cha chupa, mara moja ilitoka rangi ya yai la ndege, nikapiga kelele kwa furaha, lakini nilipoiweka kando ya ile pete nilijua hata kapiteni ataona. Nikasaga bakuli na pete mbili, nikatia chenga zake katika maji ya kioo. Bluu ilikuja kwa sahani nne tu, hafifu. Abibu hakurudi. Wengine walisema kamyo yake imeonekana ng'ambo, imepakwa rangi nyingine. Amisa alinisalimia kila asubuhi juu ya ukuta, "Tata Badibanga, mumeamuka muzuri?" na sikujua kama anajua.

Ilibaki wiki tatu kufika sikukuu. Sahani mia tatu zilikuwa zimepita moto wa kwanza, nyekundu, zimepangwa mpaka darini, zinangoja rangi.

Maisha yangu yote sikuwahi kuiba hata msumari wa kampuni ya migodi. Jumapili, watu wakiwa kanisani, nilitembea nyumba nne. Tshibola alikuwa ameketi mlangoni anachambua maharage. Kandambili haikuwapo tena.

"Mama Tshibola," nilisema, "niwie razi. Lile kopo la maziwa. Tshibangu alilitwala kwa nani?"

Hakushangaa. Hakusimama, hakulia, wala hakuuliza mimi ninalitaka la nini. Aliendelea kuchambua, akitupa mawe upande mmoja na maharage upande mwingine, mpaka sahani ikaisha. Kisha akatazama miguu yangu, niliyokuwa nimeivalisha kandambili kwa sababu ilikuwa Jumapili na kulikuwa na joto.

"Ni mutu ya kule Musonoi, ku kambi ya mugodi," alisema. "Nitakuonyesha nyumba. Lakini rudia kwako kwanza, tata. Vaa viatu bya kufunga."